Kesho Wanataka Shairi la Kiboko

Baba,

Kesho ni arobaini yako, na watani wako wanataka niwaghanie shairi lako la kiboko. La kiboko, Baba, na kiboko ndiye aliyekuua. Nimewaambia siwezi. Yule mtani wako fundi baiskeli wa Kibaoni akajibu mbele ya wageni, "Marehemu alimkimbia kiboko mara moja akajiona bingwa! Mwalimu, tughanie. Na ukilia, faini yako jogoo." Watu wakacheka, hata shangazi.

Kwa kuwa siwezi kulighani, nimekaa kulichambua, kama ninavyowafundisha kidato cha tatu.

*Kiboko kala mpunga, kavaa koti la tope,*
*Nami fimbo naichonga, nipite wapi nikwepe!*

Mizani nane kwa nane, hakuna pa kupumulia. Vina ni -nga na -pe, vyepesi, vya mtu anayekimbia huku akitazama nyuma. Ulikuwa ukilighani juu ya dungu la kulindia mpunga kule shambani Idete, miguu ikining'inia, nami nikikupigia debe la kufukuzia ndege. Hisia za shairi: nimeandika "ucheshi". Kisha nikalifuta. Kibwagizo chako kinasema, "Cheka wewe, mimi hoi, kiboko hana utani." Ulikuwa unaogopa, Baba. Beti zote unaogopa, na sisi tulicheka. Sasa mbona asubuhi ile ulishuka mtoni peke yako, ukijua yumo?

Mpunga umeiva na hakuna anayekwenda kuulinda. Maji yakimwagwa tu uani, nashtuka. Naogopa kesho nitafika kwenye kibwagizo, watu wacheke, na Mama aanguke pale pale.

Leo nimemwuliza. Alikuwa anapepeta mchele, hakuinua macho. "Lighani, mwanangu. Tangu tumzike sijaisikia sauti yake. Wewe ndiye unayeipatia."

Sijui kama nitaipatia.

Lakini nitalighani, beti zote, bila kuruka neno. Sauti ikinikatika nitaurudia mshororo, kisha niendelee, maana Mama atakuwa anasikiliza. Na Jumatatu mimi na yeye tutakwenda kuvuna pamoja na majirani, jua likiwa limeshapanda.

Pumzika, Baba yangu. Mtoni hatashuka mtu. Hilo nakuahidi.

Mwanao