Mke Mwenza wa Nyanya

Kadzo wangu,

Huku Kibwezi jua linachoma hadi kuku wamekataa kutoka kivulini. Na sijafukuzwa kama ulivyotabiri, wewe na mashairi yako ya machozi! Unajua nilipewa jina la babu, kwa hivyo nyanya ameniita "mume wangu" tangu nizaliwe. Jana nilifika nimevaa rinda, nikamsomea shairi langu la kuwa mwanamke. Akaniangalia kutoka kichwani hadi viatuni.

"Kumbe mume wangu ameenda, akaniletea mke mwenza."

Akanipa mchi. "Twanga mahindi ya muthokoi, yatoke maganda. Mke mwenza halishwi bure."

Kinu kile kile alichonikataza kugusa nikiwa mvulana! Yale machozi yaweke, mpenzi. Utayahitaji ukiona malengelenge yangu, nami nikikuonyesha kwa maringo.

Mwende wako