Nambari Sita Nilizozitaja Mwenyewe

Mkunazini, Mjini Unguja
Jumatano, 12 Novemba 2025

Kwa ndugu yangu Machano,

Assalaamu alaykum. Shikamoo yako nshaiitika kabla hujaitoa, marahaba baba. Mimi kiwiliwili mzima, alhamdulillah. Mengine utayasikia humu humu. Vipi magoti yako? Na macho, ile dawa ya matone imekusaidia, au bado barua mpaka usomewe? Mkeo Nadra hajambo? Mwambie sabuni ya mwani aliyoniletea imekwisha, na ngozi yangu inamuulizia.

Usishangae kupata karatasi kutoka kwa mtu wa mjini. Simu nimeizima, nimeitia kwenye kasha chini ya kanga, sitaki hata kuisikia. Barua hii nampa Khatib muuza vitambaa, anakuja huko Makunduchi Ijumaa, pamoja na bahasha. Bahasha usiifungue mpaka barua iishe kusomwa yote.

Yaliyotokea umeyasikia kwa watu, na watu wana chumvi zao. Ngoja nikueleze mimi. Unajua miaka kumi na moja sasa mimi ndiye ninayeshika khitma ya akina mama wa mtaa. Akifa mtu, tangazo latoka kwangu. Nikishaandika kwenye kundi letu la simu hakuna anayeuliza mara mbili, maana maiti wetu hangoji: kafa asubuhi, alasiri yuko kaburini. Kila mmoja hutuma mchango wa sanda na chai papo hapo, kisha ndiyo atafute buibui lake. Heshima hiyo nimeipenda, Machano, sikufichi. Nikipita uchochoroni naitwa Bi Mardhiya wa khitma, na shingo yangu inarefuka.

Sasa mwezi uliopita, Jumanne asubuhi, likatoka tangazo kwa jina langu kuwa Bi Kazija amefariki, atazikwa alasiri, na mchango utumwe nambari mpya kwa kuwa ile ya zamani ina hitilafu. Mimi niko jikoni nachambua mchele, sina habari. Wanawake thelathini na moja wakatuma. Wakenda kwa Bi Kazija na juzuu zao kwapani, wakamkuta kakaa uani anakuna nazi. Wa mbele alipiga ukelele, juzuu ikamtoka mkononi. Bi Kazija alipofahamishwa kuwa maiti ni yeye, alicheka kwanza, kisha akalia, akalia siku mbili. Ana miaka themanini na mbili. Akawa anasema watu wameshavaa buibui kwa maziko yake, akifa kweli hawatakuwa na haja ya kuvaa tena.

Kutoka huko wakaja kwangu wamefura. Ile nambari mpya haikupatikana tena, na laki sita na ishirini zimekwenda zao. Tukamwita fundi wa simu. Akaeleza kuwa mwizi aliingia kundini kwa jina langu, na hawezi kuingia ila atajiwe nambari sita zinazotumwa kwenye simu yangu. Kwa hivyo kuna mtu kazitoa. Wote wakamgeukia Ulfat, binti yako uliyeniamini naye, mwaka wa pili huu yuko kwangu anasoma chuo. Wakauliza nani anayeishika simu. Nikasema mimi zaidi ya kuandika tangazo sijui kitu, mwenye kuishughulikia ni Ulfat. Mtoto akaapa kuwa hakumpa mtu chochote. Kisha akanitazama mimi. Nikainama, nikajitia kuokota punje za mchele sakafuni.

Magharibi haijafika, mtaa mzima unasema mwanachuo kala sanda. Siku ya pili akafunga begi lake, akaniaga kwa adabu zote, akarudi kwenu.

Na wewe, badala ya kuniuliza, ukanipigia simu kuniomba radhi. Wewe, uniombe radhi mimi! Ukauza mtamba wako, ng'ombe wako wa pekee wa kuzaa, ukaleta pesa niwarejeshee akina mama, nikawarejeshea. Nikasikia umemwambia mwanao chuo basi, mtu aliyekula cha maiti hasomeshwi. Yote hayo nikayapokea kimya, nikala, nikalala. Astaghfirullah.

Najua kwenye nyumba yako barua zote anazisoma Ulfat. Nilitaka Khatib aje ayaseme kwa mdomo, nikaona hapana, huko ni kujificha tena. Basi Ulfat, mwanangu, soma polepole, na sauti usiipunguze.

Nambari zile nilizitaja mimi.

Ilikuwa Jumatatu, wewe uko chuo. Mtu akanipigia, sauti ya adabu, akaniamkia, akaniita mama. Akasema anaandikisha vikundi vya khitma, kuna tajiri wa Maskati anataka kuwapeleka akina mama Umra. Lakini kabla ya lolote akaniomba nimsomee Fatiha mama yake, kafa hata arubaini haijafika, akanitajia na jina lake. Nikasoma. Akaitikia amin kwa kwikwi, na mimi machozi yakanitoka. Mtu nshamuombea mama yake, ndiyo nimdhanie mwizi? Akasema zitaingia nambari sita, ndio uandikishaji wangu, nimsomee. Nikamsomea moja moja, na nikamrudilia asije akakosea. Na wewe ulishaniambia, si mara moja wala mbili, nambari zikiingia kwenye simu nisimtajie mtu, hata wewe mwenyewe.

Niliona haya, Machano. Bi Mardhiya wa khitma katapeliwa kwa Fatiha! Nikasema nitasema kesho, na kila kesho ikawa nzito kuliko jana yake. Nikamwacha mtoto abebe wizi ambao si wake, ili mimi niendelee kuamkiwa uchochoroni. Hayo ndiyo niliyoyafanya, wala sina la kuyapunguzia.

Jana nimewakusanya akina mama nikawaambia kama ninavyokwambia. Hakuna aliyenitukana, na afadhali wangenitukana. Bi Kazija akasema yeye alikufa saa moja tu, lakini Ulfat nimemuua mwezi mzima. Kisha akaomba maji ya kunywa. Khitma sasa wataishika wengine.

Ndani ya bahasha mna laki sita na ishirini, nimeuza zile bangili mbili za marehemu mama. Mtamba ule haurudi, ila nunua mwingine. Mtoto mrejeshe chuo, nakuomba kwa haki ya mama yetu, mitihani yao ni mwezi ujao. Chumba chake kipo kama alivyokiacha. Kama hataki kukaa kwangu tena ana haki, nitamtafutia pengine. Nikitakiwa nije kumwomba radhi mbele ya majirani zenu, nitakuja.

Nisalimie Nadra, na jirani yeyote aliyemsema mwanao msomeeni naye. Jibu mpeni Khatib, na msipojibu nitafahamu.

Ulfat, nshamaliza. Sasa mpe baba yako bahasha aifungue. Na ikiwa kuna mahali umeparuka kwa kunistahi, maana nakujua, rudi ukapasome.

Dada yako, na shangazi yake,
Mardhiya