Badiliko la Siku ya Arobaini ya Baba

Zornitsa uko? Acha unachofanya. SVILEN. Svilen wetu wa ofisini!

Si unajua bosi amenipa kazi ya kurekebisha tarehe za mabadiliko kwenye historia ya programu yetu, zile zilizoharibika tulipohamia seva mpya? Ziko mia tatu na kumi, zote zinadai ni mwaka 1970. Natafuta tarehe halisi kwenye nakala za zamani, naziweka sawa moja moja.

Leo nimefika kwenye lile badiliko lililokwamisha tiketi za mabasi. Lile lililohifadhiwa kwa jina langu. Lile lililoniliza mbele ya ofisi nzima.

Tarehe yake halisi ni arobaini ya baba.

Arobaini ya baba, Zornitsa! Ulikuwepo! Tulikuwa kijijini tunagawa ngano ya kuchemsha. Kompyuta nilimwachia Svilen, na neno la siri nilimpa kwa mdomo wangu mwenyewe.

Halafu siku niliyogombezwa ndiye aliyeniletea banitsa, pai ya jibini ya moto! "Pole dada, hata mimi huwa nakosea." Hata mimi huwa nakosea!! Na mimi nikala. Nikamshukuru!

Basi leo nikajikaza. Nikamwambia tu, "Zimebaki chache, ila kuna moja inanisumbua."

Hata hakugeuka. "Ile ya tiketi? Iache hivyo hivyo Desi, nani ataangalia?"

Zornitsa, zilikuwa zimebaki sitini. Sikumtajia ni ipi.

Nimeirekebisha akiwa amekaa hapo hapo pembeni yangu.