Nilivyochagua Kijiji cha Chini

Uswisi, katika likizo ya baridi

Kwa Baba yangu mpendwa, Mtoni,

Shikamoo Baba, na shikamoo ya Mama ifuate papo hapo, asije akasema amesahauliwa. Natumaini barua hii imewakuta nyote katika afya, na kwamba goti lako limetulia tangu mvua za vuli zilipopungua. Mimi ni mzima, ila vidole vyangu vinashika kalamu kwa shida, kwa sababu utakayoielewa kabla Mwanahawa hajamaliza kukusomea. Dada Mwanahawa, soma polepole, wala usiyaruke matusi. Yana kazi yake.

Baba, siku ya kuagana uliniachia maagizo mawili. La kwanza, niiguse theluji ianguka­yo kutoka juu, nikuambie kama ni kitu kimoja na ile barafu uliyoibeba begani miaka yote, kutoka kiwandani hadi majikoni mwa Wazungu, gunia limelowa. La pili, nisiende mahali pa hatari bila mtu wa kwetu, kwa maana mtu akifia ugenini pasipokuwa na hata mtani wa kumfanyia mzaha kaburini, amezikwa nusu. Niliyapokea yote mawili, wala sikudhani kwamba siku moja yangegombana.

Huko London ninakosoma nimeona tope la kijivu lililokwisha kukanyagwa na magari, nikaambiwa ndiyo theluji. Sikuihesabu. Kwa hiyo chuo kilipotangaza kwamba wanafunzi wanaweza kwenda Uswisi katika likizo, kujifunza kuteleza mlimani kwa mbao ndefu zinazofungwa miguuni, nililipokea jambo hilo kwa furaha isiyolingana na umri wangu. Vijiji vilikuwa viwili, kila kimoja na kundi lake, na wenzangu wakanitaka nivipime. Nilisoma kila nilichokipata, nikamhoji mwalimu wetu wa jiografia mpaka akachoka. Kijiji cha chini kina nyumba nzuri na kipo karibu na stesheni, lakini iko miaka ambayo majani yake hayafunikwi kabisa. Kijiji cha juu ni cha taabu kukifikia, lakini theluji yake haina shaka. Hoja yangu ilikuwa fupi: theluji ni suala la kimo cha mahali kabla ya kuwa suala la bahati. Twende juu.

Niliitoa hoja hiyo katika chumba cha kulia. Hapo akasimama Bwana Mihayo, mwalimu mwenzangu kutoka Tabora, ambaye tunakaa chumba kimoja. Yeye ni Mnyamwezi na sisi Wazaramo, basi ni mtani wetu, na haki ya utani hakuiacha bandarini. Alisema kwa Kiingereza ili kila mtu asikie:

“Mpandisheni huko juu Mzaramo huyu, mla nazi! Theluji ikimmeza, mimi nitarudi Mtoni na koti lake, nikale ubwabwa wa matanga yake mpaka sufuria lilie.”

Nikamjibu, “Nawe utaibeba maiti yangu, Mnyamwezi, kwani kubeba mizigo ya watu ndiyo kazi iliyowaleta pwani.”

“Na baba yako alibeba nini? Maua?”

Tulicheka mpaka chai ikamwagika. Ambaye hakucheka ni mlezi wa wanafunzi, mzee wa Kiingereza mwenye moyo mwema, aliyekaa meza ya pili. Asubuhi yake aliniita ofisini, akaniambia kwa upole kwamba ameniweka katika kundi la juu, na Mihayo amempeleka kundi la chini, kwa usalama wangu.

Nilimweleza utani ni nini, tangu asili yake hadi adabu zake. Akanisikiliza vizuri, kisha akasema, “Mwalimu, mtu anayeungojea wali wa mazishi yako si rafiki.”

“Bwana, siku atakapoacha kuungoja ndipo nitakapoogopa.”

Akanipa mkono, akaisifu subira yangu! Kumpandisha Mihayo haikuwezekana tena, nyumba ya juu ilikwisha jaa. Kama mimi nataka kushuka, alisema, nishuke, ila nisimlaumu.

Hapo maagizo yako, Baba, yakasimama uso kwa uso. Juu kulikuwa na theluji bila mtani. Chini kulikuwa na mtani bila uhakika wa theluji, na nafasi ya namna hii sitaipata tena kabla ya kurudi nyumbani. Nilipima kutwa nzima. Mwisho niliona hivi: nikiikosa theluji, nitakuwa nimekosa jibu, lakini likinifika la kunifika huko juu peke yangu, hapatakuwa na wa kukuleteeni hata habari. Nikaenda kwa mlezi, nikashuka.

Mihayo alipoambiwa alisema, “Umeiacha theluji kwa ajili yangu? Wazaramo kweli akili zenu mmeziazima.” Kisha akaitwaa skafu yangu ya sufu msumarini, akajivika. “Na hii nimeichukua.” Mtani akichukua, amechukua.

Basi tumefika. Milima, Baba, imevaa kanzu nyeupe ya Idi, lakini kanzu yenyewe inakomea magotini, na kijiji chetu kipo kwenye nyayo. Majani makavu kila upande. Zile mbao za kutelezea zimeegemezwa ukutani, na mwalimu wa kuteleza amekaa anavuta kiko.

“Umekuja na kiangazi chako kutoka Mtoni,” Mihayo akasema. Kisha akanitupia viatu vyangu. “Vaa. Haitaki kushuka, sisi tutapanda.”

Tukashika njia ya wakata miti, yeye mbele, skafu yangu kichwani mwake kama kilemba. Moyo ulinidunda kama wa mtoto anayepelekwa kutazama ngoma. Kwenye kona moja kati ya misonobari, majani yakakoma na weupe ukaanza, kana kwamba mtu amepiga mstari. Niliinama. Nilikusudia kuichunguza kwa utaratibu: kwanza rangi, kisha uzito. Nilikuwa ndiyo kwanza navua glavu, mara viganja viwili vilivyojaa vikanishindilia theluji ndani ya ukosi wa shati.

“Pokea salamu za Unyamwezi!”

Nilipiga ukelele, kunguru wakaruka.

Jibu lako, Baba, ni hili. Inapolala chini ni nyepesi kama sufi iliyotoka sasa hivi kwenye ganda lake, haifanani kabisa na mzigo wako. Ukiikamata ngumini ukaibana, inakuwa ngumu, nayo ni ile ile. Na ikikaa juu ya mwili wa mtu inakuwa maji yale yale. Nilisimama pale nikicheka, maji yakishuka uti wa mgongo hadi kiunoni, nikajua kwa mara ya kwanza ulivyokuwa ukirudi nyumbani jioni.

Nisalimie Mama, na Mjomba fundi cherehani, mwambie koti lake limeshinda makoti yote ya hapa. Nisalimie Shangazi muuza maandazi, na Mwalimu wangu wa chuo cha Kurani aliyeniombea dua ya safari. Mihayo naye anakuamkia. Anasema umwekee ubwabwa, hata pasipo msiba. Skafu hajairudisha, wala siidai.

Mwanao, ambaye shati lake linakauka karibu na moto,

Athumani