Funza wa Mwenyekiti Zvonko

Neža, shoga, bado nataka kutapika!

Nipo mtoni Soča na Mzee Zvonko, mwenyekiti wa chama chetu cha wavuvi. Huyu huyu aliyemfukuza baba yako chamani kwa kuvua na chambo cha nyungunyungu mmoja tu! "Mto huu ni wa chambo bandia, nzi wa manyoya peke yake," si ndivyo alivyofoka?

Leo anavua samaki trauti mmoja baada ya mwingine, mimi patupu. Namuuliza siri yake, anatikisa kichwa tu. Shavu limemvimba.

Mara akapiga chafya.

FUNZA, Neža! Wazima, wanafurukuta kwenye koti langu! Anawaweka mdomoni wasigande kwa baridi hii ya Oktoba, kisha anawachomeka kwenye ndoana.

Ananibembeleza eti, "Yaishe hapa hapa, binti."

Mdomoni!

Baba yako nitamwambia mwenyewe. Ila ngoja kwanza nisukutue kinywa: tangu asubuhi tunapokezana chupa moja ya chai, bila kikombe.