Lile Gari la Kwenye Picha

Husby, Stockholm
6 Machi 2011

Dada yangu Gaudiosa,

Shikamoo. Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye theluji, na nusu yake umpelekee mama kabla hujakaa kuisoma barua hii. Goti lako linaendeleaje? Mwanao Zephania aliniambia kwamba mwezi wa kwanza ulishindwa kwenda kanisani kwa miguu, na kwamba siku hizi unapelekwa kwa pikipiki, umekaa upande kama bibi harusi. Nilicheka, kisha nikahuzunika, maana kichwani mwangu wewe bado ni yule anayenitangulia kwenye kilima cha Kamachumu na ndoo ya maji, huku akinikaripia kwamba najikokota. Mama je, kikohozi kimemwachia? Na kahawa imezaa mwaka huu? Mimi mwili una nguvu, namshukuru Mungu. Mengine utayakuta mbele.

Dada, najua umeninunia. Tangu simu ile ya Krismasi ya mwaka juzi, ukipokea unaniuliza hali, kisha unampa mama simu. Sikulaumu. Zephania alikuonyesha picha kwenye kompyuta, mimi nimesimama kando ya Benzi jeusi, nimevaa koti refu, mkono juu ya boneti kama mtu anayegombea ubunge. Ukaniuliza inakuwaje ndugu yako, anayelalamika kila mwaka kwamba maisha ya Ulaya ni magumu, anatembelea gari la waziri wakati paa la mama linavuja. Nikakujibu kwamba huwezi kuelewa, nikakata simu. Halikuwa jibu la kumpa dada mkubwa. Leo nakujibu kama nilivyopaswa kukujibu siku ile.

Nianze na gari lenyewe. Lilikuwa limetembea mno. Huku umbali wanauhesabu kwa kipimo chao wanachokiita mil, na mil moja ni kilomita kumi za kwetu. Lile lilikuwa limemaliza mil elfu arobaini na mbili, zidisha mwenyewe. Gari la namna hiyo huku linakosa mtu. Wenye pesa wanataka jipya, wasio na pesa wanaogopa vipuri, na siku hizi wengi wanataka gia za kujibadilisha zenyewe, wakati za lile zilikuwa za mkono. Basi likashuka bei mpaka likafika kwangu. Nililinunua kwa bei ya baiskeli mbili nzuri za huku, na baiskeli moja kati ya hizo nilikuwa nimeshaiuza ili kufikisha.

Mwenye gari alikuwa mzee wa Kiswidi anayeitwa Torsten, anakaa Jakobsberg, mji mdogo ulio kwenye njia ya treni nje kidogo ya Stockholm. Nilikwenda na rafiki yangu Khamis, Mzanzibari, fundi katika gereji moja kule Jordbro. Khamis alilala chali kwenye saruji yenye baridi, akaingia chini ya gari na tochi, akagongagonga. Alipotoka akaniambia kwa Kiswahili, ili mzee asisikie, kwamba chumvi wanayomwaga barabarani kila majira ya baridi imekula chini, rejeta inavuja, na shokapu za nyuma zimekufa. Akanishauri nitafute gari dogo lisilo na makuu.

"Hili, Ludo, litakuzika," akasema.

Mzee Torsten alikuwa amesimama pembeni na funguo. Kabla hatujamuuliza neno, akatutajia mwenyewe kutu, rejeta na shokapu, tena kwa mpangilio uleule. Akasema mkewe hawezi tena kuinama kuingia ndani, na tangu hapo yeye hushuka gereji mchana, hukaa kwenye usukani, husikiliza redio, kisha hupanda kula. Akanifungulia mlango. Viti vilikuwa vya ngozi, vimelegea mahali ambapo watu wawili wamekaa miaka mingi. Nilipoufunga ule mlango, kelele zote za nje zilikatika. Niliona mdomo wa Khamis ukichezacheza nje ya kioo, nadhani alikuwa bado ananikataza. Nikatoka, nikampa mzee mkono.

Mwezi wangu wa kwanza na gari hilo, Khamis alinibadilishia rejeta kwa kitu alichokitoa kwenye gari lililokufa, na mimi nikajifunza kupunguza nyama ili nilipie bima. Nikawa naliegesha chini ya ghorofa letu hapa Husby. Jumamosi nalifuta theluji, nalipasha moto, natoka. Nilikuwa sina pa kwenda, dada. Nilikuwa naendesha mpaka baharini Nynäshamn, nakunywa chai ya moto kwenye chupa, narudi kabla giza halijaingia, na huku wakati wa baridi giza linaingia mchana. Kiti cha abiria nilikiwekea mfuko wa mkate ili pasiwe patupu. Ile picha aliipiga kijana mmoja wa Kitanzania, Obedi, siku tuliyotoka misa, kisha akaiweka kwenye mtandao bila kuniuliza. Tulipomaliza kupiga picha yeye alirudi kwao kwa treni na wenzake. Nilimwambia nina nafasi nne, akasema wanaelekea njia nyingine.

Nicole unamfahamu, mwanangu niliyezaa na Annika. Tuliachana akiwa na miaka tisa, akakua kwa mama yake upande wa kusini wa jiji, akawa anakuja kwangu wikiendi, kisha mara moja kwa mwezi, kisha sikukuu. Kiswahili alichokuwa akiimba akiwa mdogo kilimtoka. Nikimsemesha anaelewa, lakini ananijibu kwa Kiswidi. Nilipompigia kumwambia nina gari, na kwamba sheria ya huku inamruhusu mzazi kumfundisha mwanawe barabarani, alisema Benzi ni gari la wazee na kwamba ana mitihani. Nilimpigia tena mwezi uliofuata, na mwingine. Alikuwa na adabu, lakini niliona ananihesabu kama kazi ya shule.

Mwezi wa nne mwaka jana akaja mwenyewe. Kumbe mama yake alikuwa ameuza gari lao. Tulihudhuria kozi fupi ambayo mzazi na mtoto wanatakiwa kukaa pamoja, tukabandika nyuma kibao cha kijani cha mwanafunzi, tukaanza kwenye kiwanja cha maegesho kule Kista siku ambazo maduka yamefungwa. Dada, ungemwona. Msichana mrefu kama mama, magoti yanagusa usukani, ulimi umetoka kidogo kama alivyokuwa akifanya akichora. Gari likamzimikia mara nyingi sana. Siku moja likamzimikia katikati ya makutano ya Akalla, na nyuma yetu foleni ndefu, Waswidi wamekaa kimya, hakuna aliyepiga honi. Akaniambia bora wangepiga. Mimi nikacheka mpaka na yeye akacheka.

Akawa anakuja kila Jumamosi. Mimi namwelekeza kwa Kiswahili, yeye ananijibu kwa Kiswidi, na gari linakwenda. Tukirudi nampikia ndizi na maharage, nilizozikuta kwenye duka la Mganda mmoja. Mwanzo alikuwa anakula amevaa koti. Kufika mwezi wa sita alikuwa anavua koti na viatu, analala kwenye kochi, ananisimulia mambo ya marafiki zake ambao siwajui. Nilikuwa sijibu kitu, naogopa nikisema neno ataangalia saa. Wakati wa kiangazi huku jua haliondoki, na mimi nilikuwa naomba lisiondoke.

Mwezi wa nane tukawa tunaelekea Jakobsberg kwa barabara ya ndani. Tukafika kwenye makutano ambapo lori lilikuwa limeegeshwa vibaya, yeye upande wake haoni kulia. Akaniuliza kama kuko wazi. Nikainama mbele, nikaangalia, nikamwambia kuko wazi, aende. Akaachia klachi, gari likaanza kutoka, mara akakanyaga breki kwa nguvu mpaka mkanda ukanikata kifua. Mwanamke mwenye baiskeli alipita mbele ya boneti, karibu sana, na nyuma yake kwenye kiti kidogo kulikuwa na mtoto mwenye kofia nyekundu. Mimi niliwaona walipokuwa tayari katikati ya kioo. Kabla ya hapo sikuona kitu kabisa.

Nicole akasogeza gari pembeni, akazima. Hakupiga kelele. Akanigeukia, na mimi nikawa naangalia mbele kama mtu anayesubiri taa ibadilike. Kisha akasema, kwa Kiswahili, na nilikuwa sijamsikia akisema Kiswahili tangu akiwa na miaka tisa:

"Baba, mkono wangu unauona?"

"Mkono upi?" nikamwuliza.

Alikuwa ameuinua pembeni ya uso wangu, anachezesha vidole.

Sasa dada, haya ndiyo niliyotaka kukuandikia, na ndiyo nimeyazungukia kurasa zote hizi. Mimi si dereva wa basi tena. Ni karibu miaka miwili sasa. Nina presha ya macho. Ni ugonjwa usiouma. Unakula pembeni kwanza na kuacha katikati kuko safi, kwa hiyo mtu anaona uso wa anayeongea naye, anasoma gazeti, anajiona mzima, kumbe dunia inamfungia kutoka kando. Mimi waligundua kwenye uchunguzi wa kawaida wa madereva. Wakaninyang'anya leseni ya kubeba abiria, kazini wakanihamishia kituo cha mabasi, nikawa naosha na kujaza mafuta. Nanyi nikiwapigia nawaambia leo nimeendesha njia hii, kesho ile. Daktari alisema dawa za matone zitachelewesha tu, na kwamba kilichokwisha potea hakirudi.

Siku daktari aliponiambia hayo nilipanda treni kurudi Husby, nikafungua mlango, nikavua viatu, nikakaa. Hakukuwa na mtu wa kumwambia. Nikawaza kwamba Nicole amefikia umri wa kujifunza gari. Madaktari walikuwa bado wananiruhusu kuendesha gari dogo mchana, mpaka watakaponipima tena. Nikajiambia kwamba nikiwa na gari atakuwa na sababu ya kuja kukaa karibu nami, na gari liwe zuri kiasi cha mtoto kutamani kuligusa. Nilitaka kumtazama, dada. Nilitaka kumtazama vya kutosha wakati bado naweza. Hiyo ndiyo sababu ya lile Benzi, na ndiyo sababu nilikujibu vile Krismasi ile.

Lakini baya zaidi ni hili. Tarehe yangu ya kupimwa ilikuwa mwezi wa sita. Niliwapigia hospitali nikaiahirisha, kwa sababu Nicole ndiyo kwanza alikuwa ameanza kuvua koti. Nilijua. Nilikuwa nagonga mabega ya watu dukani, nilikuwa najua. Yule mtoto mwenye kofia nyekundu nimemwota mara nyingi.

Nilimweleza Nicole yote palepale ndani ya gari. Alikasirika, akaniambia kwa Kiswidi kwamba ningeweza kumfanya awe muuaji kabla hajapata leseni. Ilikuwa kweli. Kisha tukaliacha gari pale kando ya barabara, kwa kuwa yeye peke yake haruhusiwi na mimi hakutaka niguse usukani, tukatembea mpaka stesheni. Alinishika mkono wa koti njia nzima, kwa hasira, lakini hakuuachia. Khamis ndiye aliyekwenda kulichukua. Wiki ile ile Nicole akanisindikiza hospitali, na leseni yangu nikaikabidhi. Alimalizia masomo kwenye shule ya udereva, akafaulu mwezi wa kwanza. Mimi nilikuwa kazini, akanipigia, akasema neno moja tu, "Nimepata," kwa Kiswahili.

Nilitaka abaki na gari. Hakutaka. Msimu ujao anakwenda chuo Umeå, mbali kaskazini, ambako hata Waswidi wenyewe wanaogopa baridi yake. Basi mwezi uliopita nikamuuzia jirani yangu Zénon, Mkongo mwenye watoto watano, ambao wanajaa viti vyote na mmoja anakosa. Jioni nalisikia linapita chini ya dirisha langu. Ngurumo yake naijua. Huwa nainuka kwenda kulitazama, lakini mpaka nilitafute kwenye kioo huku na huku, limeshapita.

Jumamosi Nicole bado anakuja, si zote. Hizo nyingine nazungumza na redio. Sikudanganyi kwamba ni rahisi.

Mwezi wa saba tunakuja, mimi na yeye. Yeye amejilipia nauli kwa kufanya kazi kwenye mkahawa, na mimi nimelipa yangu. Nakuomba mama usimwambie habari ya macho, niache nimwambie mwenyewe nikiwa nimekaa miguuni pake. Nataka kumwona angali ananiona na mimi nikimwona. Na wewe pia, hata kama bado umeninunia.

Nisalimie Zephania, umwambie simlaumu kwa picha. Wasalimie majirani wote wanaoniulizia, na padri kama bado ni yule wa zamani. Mungu akulinde wewe na goti lako.

Jambo moja la mwisho. Mkija kutupokea uwanjani Bukoba, usisimame pembeni na watu. Njoo usimame mbele yangu kabisa. Na nikikupita bila kukuamkia, dada, usidhani nimekusahau. Niite jina.

Mdogo wako,
Ludovick