Madole ya Chini Hayaonekani Goweko

Bagamoyo,
Jumapili jioni.

Mdogo wangu Leonsi,

Mwangaluka. Shikamoo yako nimeipokea kabla hujaitoa, kwa hiyo marahaba, tusipoteze muda hapo. Mama anaendeleaje na goti lake? Zile dawa nilizompelekea anazimeza, au anawagawia wenzake wa jumuiya kama kawaida yake? Wifi yangu na watoto hawajambo? Mimi ni mzima. Duka langu la vitabu bado limesimama. Wateja bado wanaingia kuuliza madaftari, nami nawauzia daftari na kuwagombeza mpaka wachukue na kitabu.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kwenye simu hunisikilizi. Kila nikifika kwenye neno lenyewe unasema, "Dada, mtandao unakatakata," halafu unakatika kweli. Karatasi haikatiki. Jirani yangu Mama Tausi anapanda treni kesho kwenda kwao Tabora, atashuka Goweko akukabidhi mkononi, na nimemwagiza asiondoke hapo kwako mpaka umefika mstari wa mwisho.

Neno lenyewe ni bani lako la kukaushia tumbaku. Umeniambia wiki hii unalijaza tumbaku ya kwanza, na kwamba safari hii utawasha moto mkali tangu siku ya kwanza ili uokoe kuni, kama alivyofundisha yule jirani yangu Shomari kwenye video. Nilipopiga kelele ukanijibu kwa sauti ya mtu aliyekwisha kushinda: "Nimetazama mwenyewe, Dada. Waliopenda ni maelfu. Aliyekataa hayupo hata mmoja."

Hapo ndipo ulipodanganywa, Leonsi, na walioandaa udanganyifu huo si wajinga.

Chini ya video kuna madole gumba mawili. La juu lina idadi pembeni yake. La chini unaweza kulibonyeza mpaka kidole kiote sugu, idadi yake hutaiona. Zamani ilionekana. Wenye mtandao wakaamua kuificha. Hesabu haikufutwa, ipo, ila anayeiona ni mwenye video peke yake. Chukua mkutano wa kijiji chenu. Mwenyekiti anauliza wanaokubali, mikono inahesabiwa na kutangazwa. Kisha anauliza wanaokataa, mikono inanyooshwa, naye anaihesabu kimyakimya, anaitia hesabu mfukoni na kufunga mkutano. Mngemwacha afike nyumbani? Basi mtu wa namna hiyo mmemkaribisha ndani ya simu zenu na mnamwita mwalimu.

Utetezi wao nimeusoma, usifikiri napigana na kivuli. Wanasema wanawakinga watu wadogo dhidi ya makundi yanayojikusanya kumzomea mtu bila hata kumsikiliza. Makundi hayo yapo, nimekutana nayo, na mimi si mwoga wa kukiri. Lakini ukitaka kumkinga mtu na wazomeaji, wafukuze wazomeaji. Huwezi kumfumba macho mkulima wa Goweko kwa sababu kuna mhuni mahali fulani. Na angalia walichokiacha wazi: sifa! Sifa zinahesabiwa hadharani, lawama zinapelekwa chumbani. Soko gani huendeshwa hivyo? Mteuzi anayepanga tumbaku madaraja sokoni angekuwa anataja ya juu tu, na mitumba ya majani iliyokataliwa anamnong'oneza mwenyekiti wa ushirika, ungemwita mwizi.

Ila najua kilichokufanya umwamini Shomari. Ulikula naye mwaka jana ulipokuja harusini, ukamwona ni Mzaramo mchangamfu, mtani wetu, mpiga picha anayepanga mlango wa pili kutoka dukani kwangu. Na sisi Wanyamwezi na watani tuna desturi tuliyoachiwa na babu zetu walioshuka na misafara kutoka Unyanyembe hadi hapa, pembe za ndovu mabegani. Waligombana na wenyeji njiani, wakazikana, wakapeana haki ya kuambiana ukweli mbele za watu bila mtu kununa. Wewe ukafikiri: mtani akikosea atazomewa, na huyu hajazomewa. Hesabu yako ilikuwa sahihi kwa dunia tuliyokulia. Kwenye simu, mzomeaji amefungwa mdomo.

Siku ileile uliponikatia simu nilimfuata studio kwake.

"Shomari, nani alikufundisha tumbaku?"

"Dereva wa lori, Dada. Anaibeba kila msimu."

"Na yale majani ya dhahabu uliyoshika?"

"Yake pia. Yametoka vizuri kwenye kamera, eh?"

Nikamwambia anionyeshe madole ya chini. Akafungua simu bila hata kuona haya. Leonsi, waliokataa walikuwa wengi kuliko waliopenda. Akacheka. "Hao wana wivu tu. Na hata hivyo naiona mimi peke yangu."

Unanijua. Nilitoka pale nimeshapanga la kufanya, na mimi nikipanga ujue kuna mtu atapata tabu.

Jana ilikuwa arobaini ya mjomba wake. Uwanja umejaa, dua imekwisha, watu wanasubiri chakula. Nikavuta kigoda, nikakaa mbele ya sufuria la pilau na kushika upawa.

"Pilau haitoki," nikasema, "mpaka Shomari asome hesabu."

"Hesabu gani tena, mbeba mizigo wewe?" akauliza shangazi yake, bibi mwenye sauti ya mnadani.

"Ya watu walioikataa video yake ya tumbaku."

"Mnyamwezi! Umetembea toka Tabora kuja kututia njaa?"

"Nimetembea, na mzigo nimeutua hapa. Mzaramo wenu akisoma, mtakula."

Shomari akajaribu kutabasamu. "Dada, haya si mambo ya msibani."

"Kwa mtani ni ya msibani," nikamjibu. "Ningeweza kukudai jeneza. Nimekudai namba."

Uwanja ukalipuka kwa kicheko. Shangazi akapiga makofi. "Soma, bwana! Tufe njaa kwa ajili ya dole gumba?"

Akasoma. Kwanza waliopenda, kwa sauti kubwa. Kisha waliokataa, kwa sauti ya mtu anayeungama. Kicheko kikakatika. Mzee mmoja wa ukoo wao akauliza swali ambalo mimi, na vitabu vyangu vyote, sikuwa nimemwuliza: "Na hao wengi, wameona nini?" Shomari hakujua. Hakuwahi kuwauliza. Akalazimika kufungua maoni na kuyasoma pale pale, amesimama. Mkulima wa Urambo alikuwa ameandika kwamba alifuata maelekezo, jani likakauka likiwa kijani, na bani zima likaharibika. Chini yake wengine walikuwa wameandika yaleyale kwa maneno yao. Niliachia upawa. Nilikula pia, na ilikuwa pilau nzuri.

Leo asubuhi Shomari ameandika juu ya video yake kwamba waliokataa ni wengi kuliko waliopenda, na kwamba watu wasiifuate. Nampa heshima yake, hakununa, na kahawa yangu amekunywa. Lakini wewe uliniambia umeihifadhi kwenye simu ili usimalize bando. Unayoitazama wewe ni ile ya zamani, isiyo na maoni wala onyo, na haitabadilika hata Shomari aandike mpaka wino uishe duniani. Ndiyo maana ya barua hii.

Sasa kuhusu moto. Unajua kuliko mimi, maana mimi niliondoka na wewe ukabaki na kazi ya Baba. Jani lazima kwanza liive njano kwa moto wa taratibu, ndipo moto upandishwe. Ukilichoma mapema linakufa likiwa kijani, na rangi hiyo hairudi nyuma. Najua kuni zimekuwa mbali na mgongo wako si ule wa zamani. Shida yako ni ya kweli. Dawa uliyopewa ni ya uongo. Ziba nyufa za bani, kagua yale mabomba ya moshi, na miti uliyokuwa ukisema utaipanda mwaka ujao, ipande.

Nina jambo moja bado, na hili litakuuma. Wifi amenipigia leo baada ya misa. Hakunipigia kukushtaki, alitaka kujua kama Mama Tausi analala kwenu. Mimi ndiye niliyemwuliza habari ya moto. Akasema yeye alikataa tangu siku ya kwanza, na wewe ukamwambia asilirudie neno hilo mbele ya vibarua, watakosa imani na kazi.

Leonsi. Nimepigana wiki nzima na kampuni iliyo mbali, ambayo hainijui, kwa sababu ya kuficha waliokataa. Dole la wifi yangu halikufichwa na kampuni. Limefichwa na wewe, nyumbani kwako, nalo ni la mwanamke aliyefunga majani yale kwenye fito pamoja nawe kila msimu tangu mlipooana.

Basi fanya hivi. Bani likijaa, kabla ya kiberiti, mwite wifi. Vibarua wakiwepo, watoto wakiwepo, Mama akiwa kwenye kiti chake. Mwulize kwa sauti, na yeye ajibu kwa sauti. Kisha washa moto atakaousema yeye.

Mpe Mama shikamoo yangu na umwambie dawa ni zake peke yake. Mjomba mwalimu wa kwaya msalimie, kitabu chake nimekipata. Watoto waambie shangazi yao anawapenda na anataka barua, si picha. Wifi usimpe salamu zangu, mpe barua hii aisome yeye mwenyewe, na Mama Tausi aone akiisoma.

Ni mimi dada yako, ambaye hujawahi kumfunga mdomo,
Skolastika.